Sura ya Mwisho Imeshonwa kwa Uzi Mwekundu

Binti yangu ametoa kitabu, kimechapwa, kina jalada, na jina lake limeandikwa kubwa kuliko jina la kitabu chenyewe. Mpendwa mshauri, habari za kazi, naomba msaada, maana furaha hii imenikaa mdomoni kama pini, siwezi kuimeza wala kuitema.

Mimi ni fundi cherehani, shule niliishia msingi, lakini kwa riwaya usinichezee, nimesomewa nyingi kuliko walizosoma walimu wengi, kwa sababu tangu binti alipojua kuunganisha herufi alikuwa anakaa juu ya marobota ya vitambaa ananisomea mimi nikishona, leo za upelelezi, kesho za nchi za ajabu ambako milango hufunguka ukutani na milima huota ndoto, na mimi mguu ukiwa kwenye pedeli nilikuwa natoka chumbani taratibu, nikirudi pindo la gauni limeisha, sijui limeishaje.

Tulikuwa na sheria yetu. Kabla ya kuanza kitabu, sura ya mwisho naipiga bandi, ile mishono mirefu ya kushikiza tu, asichungulie mtu, na uzi haukatwi mpaka kila mmoja amtaje mwizi wake. Na mimi sikosi, uliza mtaa mzima. Mwizi wa riwaya ni yule mpole anayemimina chai wakati wenzake wanagombana.

Sasa nakala yangu ameniletea mwenyewe, sura ya mwisho ameishona kwa uzi mwekundu, akaniambia, "Mama, huu tutaukata mbele ya watu, siku ya uzinduzi." Nimesoma kwa kidole mpaka kwenye uzi. Ni nchi ambayo mwezi umeibwa, watu wanatembea gizani wakiulizana majina, na ndani ya jumba la mfalme yumo fundi mmoja mpole, analamba uzi kabla ya kuutunga, yeye humwita kila mtu "mwanangu", na aproni yake ina mfuko ambao hakuna aliyewahi kuupekua. Mshauri, huyo ni mimi mtupu, na kwa ujuzi wangu wote mwezi umo mfukoni mwake.

Usingizi umenipaa, nawaza wenzake walikuwa wanacheza nje yeye ananisomea, labda mwezi ndio utoto wake na mimi ndiye niliyeuchukua, na nimeshaalika wateja, mashemeji, mpaka wifi yangu aliyesema kuandika si kazi, wote watasikia. Wembe uko mezani. Niukate uzi nijue mapema, au niseme naumwa nisiende?

Mama Mwandishi

Mama Mwandishi, hongera, na huo wembe urudishe kwenye droo kabla hujaendelea kunisoma.

Umemfundisha mtoto sheria, ameishika mpaka ukubwani, leo wewe ndiye wa kuchungulia? Ona haya kidogo. Pole pia, maana kujikuta ndani ya kitabu cha mwanao si jambo dogo. Lakini upelelezi wako una kasoro. Mwizi ni yule asiyeshukiwa, na huyu fundi ameshashukiwa na msomaji wa kwanza kabisa. Halafu, hata mwezi ukiwa mfukoni mwake, nani kakwambia ameuiba? Vitu vilivyochanika watu huvipeleka kwa nani?

Hilo la utoto usiniulize mimi. Muulize yeye, leo, mkiwa wawili, yeye akae juu ya marobota yake, nawe uzime cherehani usikie vizuri anachojibu.

Kuumwa huumwi. Jishonee gauni, liwe na mfuko. Chukua mkasi wako mdogo. Mtaje mwizi wako kwa sauti kama mlivyozoea, kata uzi, kisha unyamaze umwache mtoto asome. Wifi mpe kiti cha mbele. Mimi nitakaa nyuma, maana kadi ya mwaliko uliyoibana kwa pini kwenye barua yako nimeiona. Jumamosi, alasiri.