Rangi ya Kijani Shimoni Montbély

Jumatatu, 27 Julai 1981

Meya Fernand kanibebesha kazi tena. Jumamosi kijiji kinatimiza miaka mia sita, nami nisome mbele ya watu kurasa mbili za historia na jiografia ya Montbély. Usisahau maji yetu, akasema, wageni wanapenda maji. Haya. Tuko juu mlimani, mawe ya chokaa matupu, mvua ikinyesha inazama ardhini, mto hatuna. Ng'ombe ni wengi kuliko watu. Na kule juu malishoni kuna Shimo — hilo nisiandike. Tangu enzi za mababu kila kinachokufa hutupwa humo. Siku hizi hata majokofu. Mwezi uliopita mume wangu Gaston kamtupa ndama aliyeoza. Karudi, kakata jibini kwa mikono ileile! Sikula.

Jumatano, 29 Julai

Binti yangu Solange kaja na mtoto wake mchanga, Mathieu. Bado anaharisha, macho yameingia ndani. Daktari kauliza maziwa yake ya unga yanachanganywa na maji gani. Ya bomba, kajibu Solange, maji yetu yalimdhuru nani? Ndivyo mimi na baba yake tulivyomlea, asiyatilie shaka.

Huko bondeni, kijiji jirani cha Sous-Roche, nao watoto wanaumwa, wakamleta mtaalamu wa miamba kutoka mjini. Leo kapanda na ndoo, kamwaga rangi ya kijani Shimoni, aone maji yanatokea wapi. Wanaume wetu walisimama pembeni wakicheka. Yatatokea Sous-Roche, walisema, si tunajua siku zote!

Walijua. Miaka yote hiyo wanatupa mizoga wakiamini anayekunywa uchafu ni jirani, na kwao ni mzaha. Gaston akamwigiza meya wa Sous-Roche akionja supu ya ndama. Nikarudi nyumbani peke yangu.

Ijumaa, 31 Julai

Nimepiga simu Sous-Roche. Maji yao hayana rangi yoyote. Gaston hakuipenda habari hiyo. Mathieu hajapata nafuu.

Jumamosi, 1 Agosti

Bendera, tarumbeta, soseji. Fernand kasimama kando ya bomba la mbele ya kanisa, glasi mkononi, anasifu maji ya mababu. Hajamaliza — maji yakageuka kijani. Si kidogo! Kijani kama majani ya saladi, yanatiririka mbele ya wageni wote.

Solange aliitazama chupa ya mtoto aliyoijaza hapo muda mfupi kabla. Akaimwaga juu ya mawe, akaanza kulia. Zile kurasa zangu nimezikunja, sikusoma.

Fernand akatuita nyuma ya kanisa. Nikadhani atasema tufunge bomba, tuchemshe maji, tulisafishe Shimo. Akasema, "Jamani, habari hii isifike Sous-Roche." Wakaitikia wote kwa vichwa, Gaston akiwa wa kwanza. Watu gani hawa? Ni watu wangu, ndicho kinyaa chenyewe.

Jumapili, 2 Agosti

Asubuhi Mathieu kapelekwa hospitali, kawekewa dripu. Nimechemsha maji na bado ni ya kijani. Gaston kakaa mezani kutwa bila kugusa kahawa, anaiangalia tu. Nikasema moyoni, angalau imemwingia.

Jioni hii katoka zizini. "Odile, yule kondoo jike mgonjwa kafa. Nimpeleke wapi?"

Nikamwambia mjini kuna gari la kukusanya mizoga, apige simu kesho.

"Kwa joto hili? Atanuka. Mara hii tu, mke wangu."

Nikamwuliza kama anamkumbuka mjukuu wake. Akasema kondoo mmoja hawezi kubadilisha kitu, Shimoni wamejaa tayari. Akachukua kofia.

Trekta limewaka. Njiapanda ya kanisani, kushoto ni barabara ya mjini, kulia ni malishoni, kwenye Shimo. Nalisikiliza.

Kulia. Linapanda. Ninavaa viatu nikamzuie —