Taa Saba Kwenye Dirisha la Mwanaidi

Jumapili ya pili ya Majilio, Rissne, huku kwa Waswidi. Theluji ya Alhamisi imeshayeyuka, nje kuna tope na mvua nyembamba, na saa tisa hii alasiri giza limeshaingia. Nimekaa jikoni.

Majina yote humu nimeyabadilisha. Juzi nilisikia watu wawili wakiongea Kiswahili kwenye lifti, kwa hiyo siwezi tena kujidanganya kwamba jirani hawezi kunisoma.

Tangu Septemba nakaa kwenye nyumba ya dada Mwanaidi. Hatukuzaliwa pamoja. Yeye ni wa Tanga, mimi wa Morogoro, tulijuana kwenye sherehe ya Watanzania nilipokuwa bado mwanafunzi. Alipopata kazi ya mwaka mmoja mji wa Göteborg, aliniachia funguo. Mkataba ni wake, na hapa mpangaji akitaka kumpangishia mtu mwingine lazima aombe ruhusa kwa kampuni yenye jengo. Hakuomba. Aliogopa kwamba wakikataa itambidi achague kati ya kazi na nyumba aliyoisubiri kwenye foleni miaka tisa. Tukakubaliana nikae kimya. Jina langu halipo mlangoni. Barua zangu zinakwenda kwa rafiki yangu anayekaa Norsborg. Mtu akiuliza, mimi ni mdogo wake, nimekuja kutembea.

Wakijua, anaweza kunyang'anywa mkataba. Hilo ndilo ninaloamka nalo kila siku.

Jumapili iliyopita, Majilio ya kwanza, nilishuka kutupa takataka. Niliporudi nikatazama juu. Jumamosi madirisha yalikuwa ya kawaida tu. Sasa karibu kila moja lilikuwa na taa, kana kwamba watu wote walipewa amri ile ile asubuhi. Nikahesabu. Madirisha ishirini na manne yanayotazama uani. Mawili tu yalikuwa giza: moja la nyumba tupu inayopakwa rangi, jingine langu.

Nikasema moyoni, hilo ndilo dirisha ambalo mtu ataanza kuuliza habari zake.

Basi nikaamua kupamba. Nilisimama karibu na baiskeli nikaandika kwenye simu: vinara vya umeme vya taa saba, vile vyenye umbo la pembetatu, kumi na tano, nyota za karatasi, saba. Hakuna taa za rangi. Hakuna kinachowaka na kuzima. Kwa hiyo nikafuata wengi. Jumatatu baada ya kazi nilinunua kinara cha mbao, cheupe, kisicho na urembo wowote, na chungu kimoja cha maua meupe ambayo harufu yake sasa imejaa mpaka kwenye makoti. Kinara nilikiweka katikati ya dirisha, nikapima kwa rula. Mapazia nikayasogeza kando sawasawa na ya jirani wa kushoto. Kisha nikashuka uani kutazama. Nikapanda, nikasogeza maua kidogo, nikashuka tena.

Huo si mtindo wangu. Krismasi ya kwetu ilikuwa tawi la mvinje kwenye ndoo ya mchanga, maputo, riboni za kumetameta kutoka kona hadi kona, na mama akichambua pamba na kuitandaza juu ya tawi iwe theluji. Huku theluji iko nje bure na hakuna anayeiiga ndani. Nilinunua riboni moja nyekundu, nikaifunga kwenye mpini wa friji. Kutoka uani friji haionekani, nilihakikisha.

Nakiri kwamba nilifurahi. Siku sita nilipanda ngazi bila kubana pumzi. Nikirudi kutoka kazini nilitazama juu, nikatafuta dirisha langu na kwa sekunde moja nikalikosa. Nilidhani huko ndiko kufanikiwa.

Leo saa nane mchana kengele ya mlango imelia.

Alikuwa Inger, mama wa makamo wa mlango unaotazamana na wetu. Ameshika sahani ya mikate ya zafarani, macho yake yanapita juu ya bega langu kuelekea dirishani.

"Miaka kumi na miwili mimi na Mwanaidi ni majirani," akasema, "hajawahi kuweka hata mshumaa. Kila Desemba ananiambia, Inger, wewe washa kwa niaba yetu wote wawili. Sasa nataka kujua. Amehama, au amebadili dini?"

Dada Mwanaidi ni Mwislamu. Ukutani kwake kuna Ayatul Kursiy kwenye fremu ya dhahabu, naipangusa vumbi kila Jumamosi. Nilihesabu madirisha yote ya uani. Sikujiuliza hata mara moja dirisha hili lilikuwaje mwaka jana.

Nikasema nilichofundishwa. Mimi ni mdogo wake, nimekuja kutembea.

"Kutembea," akasema Inger. "Na kila asubuhi saa moja unakimbilia treni na kitambulisho cha kazi shingoni. Matembezi gani hayo yenye bosi?"

Hakucheka, ila hakuwa na hasira pia. Nikamwambia ukweli wote pale mlangoni, kwa Kiswidi kibovu kuliko ninachokijua. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema mwezi uliopita mtu wa kampuni ya nyumba alimuuliza kama Mwanaidi bado yupo. Yeye alimjibu akamuulize Mwanaidi mwenyewe.

"Mimi si polisi," akasema. "Lakini akiniuliza tena sitamdanganya. Ombeni ruhusa kabla mtu huyo wa kampuni hajarudi. Mtu akiwa na kazi mji mwingine, mara nyingi wanakubali."

Akanipa sahani, akarudi kwake.

Nimempigia dada Mwanaidi. Nilimwomba kwanza akae chini.

"Weee," akasema nilipomaliza. "Nani alikutuma uwashe?"

"Dada, niliona giza litatushtaki."

"Giza ndiyo mimi, wewe! Dirisha lile watu wanalijua kama wanavyonijua sura." Akacheka mpaka akakohoa. Kisha sauti ikawa ndogo. "Nchi hii nzima, mdogo wangu, mlango wenye jina langu ni huo mmoja tu."

Nilimwomba radhi. Nilimwambia naweza kuhama wiki hii, nikalale sakafuni kwa rafiki yangu. Akasema kuhama kwangu hakuwezi kuifuta miezi mitatu niliyokwisha kukaa.

Nikafungua fomu ya maombi kwenye kompyuta nikamsomea kipengele kimoja kimoja. Kazini kwangu nashughulika na fomu kutwa, hapo sikubabaika. Sababu: kazi ya muda mji mwingine. Muda: mpaka Agosti. Kisha tukafika kwenye swali la tatu, mpangaji wa pili, yaani mimi, anaanza lini.

"Andika Januari," akasema.

Sikuandika. Nilimwambia dada kwamba Inger anajua nipo tangu Septemba, na nikiandika Januari itakuwa kama namwomba Inger kimyakimya anidanganyie. Nikamwambia pia kwamba mkataba ni wake, kwa hiyo aamue yeye, na nitaandika atakachosema. Hilo la mwisho lilikuwa kweli, na sijivunii.

Nilimsikia akifungua bomba, akifunga.

"Andika Septemba," akasema. "Na hiyo taa yako iache. Ukiizima leo watadhani umekufa."

Nikaandika Septemba. Nikaweka sahihi yangu kwa simu, naye akaweka yake huko Göteborg. Dakika nne nilitazama maneno "inasubiri sahihi", kisha jina lake likatokea, na chini yake langu, na chini yetu anwani ya hapa. Ni mara ya kwanza kuiona anwani hii ikiwa na jina langu.

Naogopa kuliko jana. Kesho ni Jumatatu, na kuna mtu kwenye kampuni ya nyumba atakayeisoma fomu tuliyoituma.