Miguu Mitatu Kwenye Tope

Ifakara, Jumatano

Basi Mjerumani mwenye akili kuliko sisi sote leo ameshindwa na tope la uani kwangu.

Mjerumani huyo, padri mgeni, ana kamera mbili: ndogo ya kushika mkononi, na kubwa ya vioo inayosimama juu ya miguu mitatu kama korongo. Nilimwomba atumie ndogo, maana Lusia wangu bado mchanga, hajui kutulia. "Ile ni ya kuchezea, mwanangu," akasema. Haya, mjuzi ni yeye.

Miguu ikazama. Akatafuta mawe matatu ya kuisimamishia, akayaona mafiga yangu jikoni, akafurahi kama aliyeokota dhahabu.

Mama mkwe akaziba mlango. "Mafiga hayatoki nje mwanangu akiwa safarini. Au unataka asirudi?"

Padri akasema huo ni ushirikina. Mume wangu Tomasi yuko kwenye kazi ya reli, aliniacha na mimba, mtoto wake hajamwona hata sura. Padri anaelekea huko huko kesho. Picha naitaka sana. Lakini na yale mawe nayaogopa, nisijidanganye.

Wakiwa bado wanabishana, kamera ikainama taratibu, ikalala kifudifudi topeni. Kioo kikapasuka. Nikampa pole kwa adabu yote niliyofundishwa shuleni.

Akaenda mwenyewe kuileta ile ya kuchezea.

Ndipo mama mkwe akatoka mlangoni, akamfuta Lusia makamasi kwa khanga yake. "Mgeuze huku. Baba yake aone kuwa pua ni yake."