Tando Nilizozianika

Changamwe, Mombasa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti lako laendeleaje huko Vanga? Babu apata usingizi? Mimi mwili mzima, ila moyo hauna raha hata kidogo. Halima mdogo wangu, unayemsomea Mama, soma yote, usimfiche hata neno.

Mama, kiwandani tunapika sabuni. Maji yanayobaki yana chumvi kali, na zamani yalimwagwa tu baharini upande wa Jomvu. Sasa fundi Mzungu ameleta mtambo wenye tando nyembamba mfano wa ngozi ya ndani ya yai. Umeme huivuta chumvi ipite kwenye tando, na gliserini iliyomo majini, ile inayotiwa kwenye dawa, hubaki ikauzwa. Tuliokabidhiwa mtambo ni mimi na Katana, anayekaa Mjambere, kila mtu zamu yake.

Siku ya kuamkia Idd nilikuwa peke yangu. Wajua kwetu siku hiyo kila kitu huoshwa kikaanikwa, mpaka mabusati. Nikaona aibu kuuacha mtambo mchafu. Nikazitoa tando, nikaziosha, nikazianika juani, jioni nikazirudisha. Kumbe hazitakiwi kukauka kamwe! Fundi alitueleza kwa Kiingereza, nami niliitikia tu, nikaona haya kuuliza.

Kesho yake, Idd yenyewe, Katana, kwa kuwa si Mwislamu, akanishikia zamu ili nikasali. Alipouwasha mtambo, tando zote zilikuwa zimepasuka. Nyingine hazipatikani mpaka Ulaya. Fundi akamlaumu yeye.

Jana Katana alinijia, macho mekundu. "Bakari ndugu yangu, wewe si uliziacha zi majini?"

"Wallahi, niliziacha majini."

Akanishukuru, Mama. "Basi ni mimi niliyekosea," akasema, "ila sijui ni wapi."

Kesho wanamfukuza. Mkewe ana mimba kubwa, na ndiye aliyenipikia uji nilipokuwa na homa. Nikisema, nitafukuzwa mimi, na nyumbani hamna mwingine wa kumtegemea. Nikinyamaza, sijui nitasujudu kwa uso gani.

Nisalimie Babu, na shangazi Mwanakombo, na mwalimu wangu wa chuo cha Kurani. Yeye usimwambie bado.

Barua hii naitia posta kwanza, ndipo niende kwa fundi. Nikishaitia haitoki tena, nawe utajua yote, nami sitakuwa na pa kukimbilia ila kusema kweli. Nikirudi mikono mitupu, Mama, nifungulie mlango.

Mwanao,
Bakari