Sokwe Aliyepewa Jina la Baba Yangu

Mpendwa Shangazi Euphrasia, shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijafanya kituko kingine, maana cha kwanza nimeshakifanya na hakuna anayejua, na tafadhali jina langu usilitoe gazetini kwa sababu hapa Nyasubi tunajuana mpaka rangi za ndoo. Nina miaka thelathini na moja, watoto watatu, ndoa yangu ina miaka tisa, na mume wangu, Baba Ritha, ni mchimbaji, ana duara lake, yaani shimo la dhahabu, huko upande wa Geita, anakaa huko wiki mbili halafu anarudi nyumbani wiki moja. Hanipigi, halewi, hana mwanamke wa nje ninayemjua. Shangazi, mimi namwonea wivu sokwe.

Usicheke kwanza. Ni sokwe wa kwenye gemu. Kuna gemu moja la kuruka-ruka ambalo unamwongoza mnyama kutoka jabali hadi jabali, anadandia kamba, anavuka mito, ukikosea anatumbukia unaanza upya, na lina sehemu nne, na Baba Ritha amezicheza zote tangu akiwa kapera. Ndani yake yumo sokwe jike ambaye sehemu ya kwanza alikuwa amefungiwa tu kwenye kizimba anasubiri kuokolewa, ya pili akawa anawafuata madume nyuma, ya tatu wakaanza kumfuata wao, na hii ya nne gemu zima ni lake, yeye ndiye anayeokoa wenzake. Ukianza tu linakuambia umpe jina na umvalishe unavyotaka. Mume wangu akamfunga kitambaa chekundu kichwani, akamvisha njuga miguuni, halafu penye jina akaandika Ng'wana Masalu.

Ng'wana Masalu ni mimi! Masalu ni baba yangu mzazi, Mungu amlaze pema, na wewe unajua kwetu Usukumani binti huitwa kwa baba yake, na hilo ndilo jina nililokuwa naitwa uwanjani enzi hizo, maana nilicheza mbina, ngoma zetu, na kundi la Bagalu miaka minne kabla sijaolewa. Baba Ritha alinikuta hapohapo uwanjani, kitambaa chekundu kichwani, njuga miguuni, vumbi mpaka magotini, watu wanapiga kelele Ng'wana Masalu, Ng'wana Masalu, na msimu ule ule wa mavuno wazee wake wakaja kwa baba kuzungumza habari ya ng'ombe. Tulipooana akaniambia mke wa mtu harukiruki mbele za watu, nikasema sawa mume wangu, nikavua njuga nikazifungia sandukuni, na tangu Ritha azaliwe naitwa Mama Ritha, hata na yeye, hata tukiwa wawili tu.

Sasa niambie mimi nijisikieje. Akirudi nyumbani anakuja na Amosi, mwenzake wa duarani, yule anayezungusha winchi ya kumshusha na kumpandisha, wanakaa mkekani wakishamaliza kula mchana, wanawasha mashine ya gemu, na hapo nyumba yangu inageuka uwanja. "Ruka, Ng'wana Masalu! Dandia, mayu, dandia! Ona mguu huo!" Mimi napita na sufuria la dagaa, Ng'wana Masalu mwenye nyama na mifupa, hakuna anayeinua macho. Jumamosi moja nilisuka, nikavaa kitenge ambacho hajakiona, nikajipaka mafuta, nikaenda nikakaa kando yake kabisa, akaniambia, "Mama Ritha, sogea kidogo, unanizibia." Nikasogea. Halafu yule sokwe akavuka daraja fulani linalobomoka, Amosi akapiga makofi, na mume wangu akasema kwa sauti ambayo mimi sijaisikia tangu uchumba, "Huyu hajawahi kuniangusha hata siku moja." Shangazi, nilitamani kulia. Miaka tisa nasubiri kuambiwa maneno hayo na kumbe yalikuwa yamewekwa akiba ya mnyama, tena mnyama mwenye jina la baba yangu, na baba yangu hakuzaa sokwe!

Jumatano iliyofuata walienda mjini kutafuta kamba mpya ya winchi. Nilikuwa nachambua mchele. Nikauweka chini ungo, nikaingia sebuleni nikawasha ile mashine, maana kwa kukaa nikiwatazama nilishajua vibonyezo vyote, nikafika pale panapoonyesha walipofikia, miezi saba ya kazi yao, picha yake ndogo na kitambaa chekundu, na jina. Nikachagua kufuta. Likaniuliza kama nina uhakika. Nikabonyeza ndiyo. Likaniuliza tena. Nikabonyeza ndiyo. Kisha nikarudi kwenye mchele wangu, na nikisema nilijuta nitakuwa nakudanganya, nilichambua huku naimba.

Waliporudi wakakuta hamna kitu. Baba Ritha akamgeukia Amosi, kwa sababu jana yake Amosi ndiye aliyekuwa wa mwisho kucheza, na alishawahi kutania kwamba siku moja atalifuta waanze upya. Amosi akaapa kwa kaburi la mama yake. Mume wangu akamwambia, mtu anayefanya mzaha kwenye mchezo atafanya na kwenye kazi. Amosi akasimama, akasema, "Baba Ritha, kama juu ya ardhi unaniona mwongo, huko chini utaniaminije?" Akachukua kofia yake akaondoka. Na wachimbaji wana desturi yao, huwezi kushuka duarani una kinyongo na mtu aliyeshika kamba yako, wenyewe wanasema kamba inasikia. Kwa hiyo urafiki wa miaka sita ukafa pale kwenye mkeka wangu, na mimi nimesimama mlangoni na kikombe cha chai.

Sasa winchi amepewa Edson, ambaye juzi tu alikuwa fundi baiskeli. Safari hii Baba Ritha amerudi na bega lote limechubuka, Edson alichezea simu, mpini ukamponyoka, kamba ikakimbia kama mita tatu hivi ndipo akaukamata. Nilimkanda kwa maji ya chumvi. Akawa ananiambia polepole, "Amosi hajawahi kunifanyia hivi." Nikaendelea kukanda.

Halafu kuna jambo moja linanitesa kuliko yote. Ameanza lile gemu upya, peke yake, na yule sokwe safari hii hajampa jina, hajamfunga kitambaa wala kumvisha njuga. Mdogo wake akamuuliza mbona sokwe hana jina, akajibu, "Ng'wana Masalu alikuwa mmoja tu." Basi nikaona hata kwenye usokwe nimefukuzwa. Nikaona wivu upya, Shangazi, sasa namwonea wivu yule niliyemfuta mwenyewe! Nimechanganyikiwa. Anarudi duarani Jumatatu hii inayokuja, ndiyo maana nimekutumia ujumbe huu kwa simu. Nikisema, ataniona mchawi wa nyumba yake na pengine atanirudisha kwetu. Nikinyamaza, naogopa kila simu inayolia. Nifanyeje?

Ni mimi mwenye moto kifuani, Nyasubi, Kahama.

SHANGAZI EUPHRASIA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Jina lako nimelificha kama ulivyoomba, ingawa wewe mwenyewe umeliandika barua nzima. Ujumbe wako niliupata Alhamisi, na wapo wenye kesi za mawifi wanaosubiri hapa tangu mwezi uliopita, nimewaambia wasogee. Wifi hakudondoshi mita sitini shimoni. Gazeti hili linatoka Jumamosi, kwa hiyo ukilisoma una siku mbili.

Nianze na kukugombeza ili tumalizane. Kufuta gemu ni utoto, na utoto unasameheka. Lakini ulimkanda mume wako bega ukijua ni nani aliyelichubua, ukanyamaza! Aliyelichubua si Edson peke yake, mama. Mkono wako umo. Umemwondoa kwenye kamba mtu aliyemshika mumeo miaka sita, ukamweka fundi baiskeli, halafu unaniuliza mimi kama atakurudisha kwenu. Kwenu utarudi kwa miguu yako, na mabasi yapo stendi. Akidondoka yeye, anarudishwa amefungwa kwenye turubai. Chagua hofu moja, hiyo nyingine itupe jalalani.

Haya, sasa tuongee kama wanawake. Mimi nimezaliwa Kolandoto, na mama yangu alicheza mbina mpaka ana mimba ya saba, baba akimshikia kanga pembeni. Kwa hiyo usinidanganye kwamba shida yako ni sokwe kupendwa. Nimeisoma barua yako mara tatu. Kila unapomtaja unataja anavyoruka. Mguu wake, njuga zake, kelele za watu. Uchungu wako ni kwamba yule mnyama aliruhusiwa kuruka kwa jina lako, sebuleni kwako, na mtu yuleyule aliyekuambia wewe ukae chini. Kwenye hilo una haki, na ungekuja kwangu na hilo tu ningekutetea mpaka kwa mwenyekiti wa mtaa. Tatizo ni kwamba hukumwambia yeye hata siku moja. Miaka tisa umesema "sawa mume wangu," halafu ukaenda kuongea na kibonyezo.

Na wewe Baba Ritha, najua utaniona, maana gazeti hili huko machimboni linafungiwa maandazi. Kunjua karatasi usome. Ulimpenda binti akiwa hewani, ukamwoa, ukamwambia akae chini, halafu ukaingiwa na hamu ya kumwona hewani ukaenda kumtafuta kwenye televisheni. Mke alikuwa chumba cha pili na njuga zilikuwa sandukuni! Tena jina la mkwe wako marehemu humpi mnyama bila kumuuliza binti yake, hata kama nia ni ya kumtukuza. Ulimtukuza, hilo nimeliona. Mwanaume hamfungi sokwe kitambaa chekundu kwa bahati mbaya. Lakini mke hawezi kula kitu kilichopikwa kwa ajili yake kikapakuliwa kwa jirani.

Mwanangu, narudi kwako. Hutaanza na mumeo. Utaanza na Amosi, leo, kabla jua halijawa kali, kwa sababu yeye ndiye aliyeitwa mwongo bila kosa na akaapa kwa kaburi la mama yake. Usibebe kuku, usibebe soda, usimtume mtu. Simama mlangoni kwake, mwambie mbele ya mkewe, "Nilifuta mimi." Asipokujibu, kaa hapohapo mpaka akujibu. Kisha mwombe akufuate nyumbani, na akikataa mwombe mkewe amsukume, sisi wanawake tunajua kusukuma. Mumeo aambiwe Amosi akiwa pale pale kwenye mkeka, wote wawili wakikutazama, maana kinyongo kilizaliwa hapo na hakifi mahali pengine. Usianze na historia ya wivu wako. Anza na kosa. Likishatua, mwache apige kelele, ana haki ya kupiga kelele mpaka achoke. Usilie ili akuonee huruma, hiyo ni hila na wanaume wa machimboni wanaijua.

Akinyamaza sasa ndipo umwambie la pili. Mwambie uliumia. Mwambie ile siku ya kitenge. Mwambie unataka jina lako lirudi kwako, na baada ya mavuno Bagalu wakianza mazoezi unataka kwenda, na yeye aje akushikie kanga. Akisema mke wa mtu haruki, muulize basi miezi saba alikuwa anamshangilia mke wa nani.

Na hili halina mjadala: Jumatatu asipande gari kwenda duarani kama hajapeana mkono na Amosi. Wakishindwa kupatana, abaki nyumbani. Lala mlangoni ikibidi. Edson arudi kwenye baiskeli zake, ambazo zikianguka zinaanguka na mtu mmoja tena juu ya ardhi.

Unaogopa atakuona mchawi wa nyumba yake. Mwanangu, alisema Ng'wana Masalu alikuwa mmoja tu, na akamwacha yule mwingine bila jina. Miezi saba ya gemu ingeweza kumfanya alilie gemu. Yeye akalilia jina. Nenda kamwambie mwenye jina yupo hai.

Hatakuamini mara moja. Atakuuliza, "Ni wewe kweli uliyefuta?" Jibu ndiyo. Atakuuliza tena. Jibu ndiyo. Mara mbili, hiyo kazi unaiweza.