Mume Wangu Alifuta Mchanga wa Baharini Kwenye Ramani, Boti Ikakwama na Mama Mwenye Uchungu

Shikamoo Mama Sikudhani. Nisaidie, maana tangu juzi humu ndani hakuna anayesema na mwenzake. Mimi na mume wangu Kefa tunaishi Ikungi, tunalima alizeti, na msimu ukiisha tunajitolea kwenye kikundi cha mtandaoni kinachosahihisha ramani za simu, zile ambazo mtu yeyote anaweza kuzirekebisha kwa kompyuta akitazama picha za setilaiti. Safari hii tulipewa mpaka wa bahari kwenye kisiwa kimoja cha kusini, kwa sababu mstari wa pwani ulikuwa umepita katikati ya kijiji na nyumba za watu zikaonekana ziko majini, na Kefa akaunyoosha vizuri mpaka akasifiwa, lakini katika kusahihisha akaona pale kati ya kisiwa na bara pamechorwa mchanga, akatazama picha akaona maji matupu, akasema hili nalo ni kosa, akaufuta, na mimi niliyekaa pembeni nikakubali, kwa sababu bahari hatujawahi kuiona, maji makubwa tunayoyajua ni Ziwa Singidani, na ziwa letu haliondoki asubuhi likarudi jioni.

Juzi muuguzi wa kisiwani, anaitwa Flora, akaandika kwenye kikundi: "Nani amefuta fungu letu la mchanga? Maji yakipwa pale ni mchanga mtupu." Akaeleza kwamba dereva mgeni wa boti ya zahanati alikuwa anampeleka mama mwenye uchungu hospitali ya bara, akafuata ramani ya simu, boti ikapanda mchangani ikakaa mpaka maji yalipojaa tena, mama akajifungulia humo humo, mtoto ni mzima lakini mama alipoteza damu nyingi na bado amelazwa. Nilisoma nikakaa sakafuni. Nikampa Kefa simu nikidhani atashtuka kama mimi, akasoma, akaizima, akasema, "Usijibu. Tukigusa pale, watatafuta nani alifuta, na jina langu lipo." Mama, huyu ni mwanamume aliyelia mbuzi wetu alipokufa. Nikirekebisha nitamwanika mume wangu, nikinyamaza boti nyingine itapita, na kinachonitisha zaidi ni kwamba sijui nimeolewa na nani. Nifanyeje?

Asnath, Ikungi

Marahaba, Asnath. Pole sana. Nimeandika safu hii miaka mingi na barua yako bado imenishtua. Kutoijua bahari si dhambi, watu wa bara wengi hatuijui. Lakini tangu juzi ramani iko vilevile, na wewe ukapata muda wa kuniandikia mimi kabla ya kumjibu Flora. Hapo umekosea, na sikubembelezi. Watu walioko majini hawawezi kungoja gazeti litoke, ndiyo maana nilikupigia simu.

Wasomaji wajue kilichotokea. Nilikuambia ufungue kompyuta tukiwa tunaongea, ukaurudisha mchanga mahali pake, ukamwandikia Flora akague. Akajibu kwamba upande wa kusini fungu ni refu zaidi, ukaongeza. Bado mngeweza kukaa kimya kuhusu aliyefuta. Usikubali. Kikundi kiambiwe, na kuanzia sasa mtu asifute kitu chochote cha baharini kabla ya kumuuliza anayeishi hapo.

Kuhusu Kefa, usimtangaze kwa ndugu zake wala usimwite muuaji. Mume wako ameogopa, na hofu imemfanya mtu mbaya kwa siku chache. Ila usiombe radhi kwa niaba yake. Akikataa kabisa kujitaja, taja wewe jina lake, hata akinuna.

Tulipokuwa bado kwenye simu Kefa aliingia, ukampa. Alinisalimu, akauliza kwa sauti ndogo, "Yule mama anaendeleaje?"

Nilimjibu kwamba mimi sijui. Anayejua ni Flora, na amuulize mwenyewe, akijitaja kwa jina lake.