Mwili Usio na Kovu

Baba,

Shikamoo. Sitakuita afande, ingawa ndivyo ulivyotulazimisha tangu tukiwa wadogo. Arobaini yako imepita. Watu walikula pilau, wakakusifu kwa nidhamu, nami nikajifanya nasugua masufuria nisije nikawacheka.

Afande wa nini, baba? Ulikuwa mgambo wa ghala la korosho hapa Mitole. Vita vyako vikubwa vilikuwa na panya, na panya walishinda. Lakini kwa kuwa jeshi lilikukataa ujanani, uliamua kaka Hamisi aende badala yako, atake asitake.

Kila Ijumaa kabla ya msikiti ulimkagua: meno, masikio, magoti. Wenzake walikwea mikorosho, yeye marufuku, eti daktari wa jeshi hataki kuona kovu. Ulipomchapa, ulimchapa nyayoni ili alama isionekane. Akilia unafoka, "Askari halii! Piga kwata!" Naye anapiga kwata uani kwa nyayo zilizovimba, mama amegeukia ukutani. Mtu mzima na akili zako!

Mwili uliutunza, sikatai. Mwenye mwili ndiye uliyemharibu. Zuhura wa Kipatimu alipokuja na shangazi yake, Zuhura ana mimba ya Hamisi, hukuwapa hata maji ya kunywa. "Jeshi halichukui mwenye mtoto," ukasema, ukafunga mlango. Hamisi alisimama wima, mguu sawa, kama ulivyomfundisha. Siku ile ndipo nilipoanza kukudharau, na dharau hiyo hatukuizika pamoja nawe.

Kila usaili wa jeshi alikwenda, kila usaili alirudi amekataliwa. Umri ukampita, nawe ukaacha hata kumsemesha.

Na bado nakulilia, baba. Hilo linaniudhi kuliko yote. Nikipika mihogo ya nazi najikuta nimekutengea sahani, halafu nakaa naitazama kama mjinga.

Juzi nilimburuta Hamisi, tukapanda pikipiki hadi Kipatimu. Alitaka kurudi kila tulipofika kilimani. Zuhura hakututukana. Alitandika mkeka, akamwita mwanawe atoke ndani. Mtoto akatuamkia vizuri, "Shikamooni." Hamisi akamuuliza anaitwa nani.

Akataja jina lako, baba. Lako wewe.

"Mjukuu wa kwanza wa kiume huitwa jina la babu yake," Zuhura akasema. "Mlitaka nimwite nani?"

Hamisi alikaa chini vumbini akalia kwa sauti, na mtoto akamsogelea kumtazama.

Shule zikifungwa atakuja kwetu. Pumzika, baba, Mungu akusamehe yaliyonishinda mimi. Nakuahidi jambo moja: nitamwita mtoto huyu kwa jina lake, asubuhi na jioni, mpaka nizoee kulitamka bila hasira.

Mwanao,
Mwanaidi